Kuchagua na Kununua Mbao za Msaji kwa Mradi wa Mashua

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Kahawa Wendani)

 

Mama mmoja ametuuliza pale mlangoni: Wendani na mashua wapi na wapi? Hapa maji ni ya mfereji, na hata hayo siku nyingine hayapo. Ni swali la haki. Jibu ni kwamba wengi wetu hapa ni wapangaji. Nyumbani ni Rusinga, Mbita, Usenge, wengine Kwale na Lamu. Pesa tunazitafuta huku kando ya barabara ya Thika, lakini mradi tunautaka uwe kule walipo wazee na ndugu zetu. Ndiyo maana vikundi kadhaa vimekuja ofisini kwetu na wazo lile lile: tuchange, tuunde mashua, vijana wa nyumbani wavue, mapato tugawane. Na vyote vilikuja na neno moja mdomoni: msaji. Wameambiwa mashua ya msaji haiozi, basi.

Msaji ni mti mzuri kweli, hatubishi. Lakini tumeona pesa za watu zikipotea kwa ajili ya neno hilo. Kikundi kimoja, hatutakitaja, kilichanga kwa miaka miwili, kila mwanachama shilingi 200 kwa wiki, na wengi wao ni akina mama wa kuuza mboga. Wakapata bei nzuri kwa simu, wakatuma pesa kwa simu, mbao zikapakiwa moja kwa moja kwenda ziwani. Hakuna mwanachama aliyeziona. Zilikuwa zimepakwa mafuta mekundu zikang'aa. Fundi alipopiga randa ubao wa kwanza, kingo zote mbili zilikuwa nyeupe. Alipiga wa pili, hivyo hivyo. Akaweka randa chini, akasema yeye hawezi kuwapeleka watoto wa watu majini na mbao hizo. Zimekuwa mabenchi na banda la mbuzi. Yule fundi tunamheshimu sana, kwa sababu angeweza kunyamaza akala pesa yake ya ufundi.

Kwa hiyo leo tunasema jambo moja: msinunue jina la mti. Nunueni ubao mliouona kwa macho yenu, mkaugeuza pande zote, mkaupima na mkaupigia hesabu.

Tuanze na jina lenyewe. Msaji, ambao wengine huuita mtiki au tiki, si mti wa kwetu kwa asili. Kwao ni India, Myanmar ambayo zamani iliitwa Burma, Thailand na Laos. Watu wa pwani waliujua tangu zamani kwa sababu majahazi mengi ya kutoka India na Uarabuni yaliundwa nao, na hata jina msaji limetoka kwa Waarabu. Sisi nasi tulikuwa tukiwapelekea Waarabu boriti za mikoko kutoka Lamu, mpaka Kenya ilipopiga marufuku biashara hiyo ya nje mwaka wa 1982. Wajerumani walileta msaji Tanganyika wakati wa ukoloni wao. Leo serikali ya Tanzania ina mashamba yake Longuza kule Muheza na Mtibwa kule Morogoro, na bonde la Kilombero kuna mashamba ya kampuni. Waingereza waliupanda Sudan Kusini, upande wa Yei na Nzara. Basi ukisikia msaji umefika Nairobi, uliza umetoka wapi kati ya huko. Mwuzaji wa kweli atakuambia bila kukuna kichwa.

Sasa hapa kwetu kuna mchezo wa majina. Utasikia tiki ya Elgon. Hiyo si msaji hata kidogo, ni jamaa ya mzeituni wa porini, mti mgumu na mzito ajabu. Ni mzuri kwa sakafu. Ukiufanya mashua, utakuwa unavuta mzigo wa mbao kabla hujabeba samaki hata mmoja. Utasikia tena tiki ya Afrika. Huo ni mvule. Na mvule, ndugu zangu, si mti wa kudharau. Mashua za Ziwa Victoria zimeundwa kwa mvule miaka na miaka, na kama mtu anakuuzia mvule kwa bei ya mvule, mpe mkono. Shida ni pale anapokuuzia mvule kwa bei ya msaji.

Utaujuaje msaji? Beba kisu au randa ndogo, na uombe ruhusa kukwangua kidogo. Msaji uliokwanguliwa una harufu kama ya ngozi ya kiatu cha zamani, na ukipitisha kidole unateleza kidogo kana kwamba umepakwa nta. Kisha tazama mwisho wa ubao, pale ulipokatwa. Msaji unaonyesha duara za ukuaji waziwazi, na kwenye kila duara kuna mstari wa vitundu vikubwa. Mvule hauonyeshi duara hizo kwa urahisi, na mara nyingine una madoa meupe magumu kama jiwe ndani yake, yale ambayo mafundi huyalaumu kwa kuharibu msumeno. Na tumieni mizani. Kipande cha msaji mkavu chenye inchi 12 kwa 12, unene inchi 1, kina uzito wa karibu kilo moja na nusu. Cha tiki ya Elgon kinapita kilo mbili. Cha saiprasi ni kama kilo moja tu. Mvule uzito wake uko karibu sana na msaji, kwa hiyo hapo mizani haitakusaidia, rudi kwenye duara na harufu.

Sasa tufike kwenye jambo lililowaangusha wale wenzetu, na hapa tutakaa kidogo.

Kila mti una sehemu mbili. Kuna moyo wa mti, ambao katika msaji ni wa rangi ya dhahabu inayoelekea kahawia na huzidi kuwa mweusi ukikaa kwenye hewa. Kisha kuna sehemu nyeupe ya nje, iliyokuwa ikipandisha maji mti ulipokuwa hai. Sifa zote mnazosikia za msaji, kwamba una mafuta, kwamba wadudu hawaupendi, kwamba haujikunji hovyo, kwamba misumari ndani yake haishiki kutu upesi, zote ni sifa za moyo. Ile sehemu nyeupe haina lolote. Inaoza kama mti mwingine wowote. Mtu akikuuzia ubao wenye nusu nyeupe akauita msaji, hajasema uongo. Ni msaji. Lakini nusu ya pesa yako imekwenda na maji.

Na kwa nini siku hizi weupe umezidi? Kwa sababu miti inakatwa michanga. Msaji wa shamba huachwa kama miaka 20 na zaidi ndipo uvunwe, lakini kabla ya hapo shamba hupunguzwa, na ile miti ya kupunguzwa nayo huuzwa. Mti mwembamba una moyo mdogo na weupe mwingi, na hata ule moyo wake haujakomaa kama wa mti mzee. Ukiona ubao una uti wa katikati ya mti, kile kijishimo kinachopita kama tumbo la mwanzi, jua umetoka kwenye mti mdogo, na ubao huo utapasuka hapo. Uacheni.

Hesabu sasa. Mweka hazina, shika kalamu.

Duka la mbao hukuuzia kwa futi ya urefu: 6 kwa 1 ni bei hii, 8 kwa 1 ni bei ile. Ukilinganisha hivyo utachanganyikiwa, na pengine ndivyo wanavyotaka. Fanyeni hivi: zidisha upana kwa inchi, mara unene kwa inchi, mara urefu kwa futi, kisha gawanya kwa 12. Mtapata idadi ya vipande vya inchi 12 kwa 12 kwa 1, kama kile tulichokiweka kwenye mizani. Bei zifuatazo ni za mfano tu, msiende kugombana na mtu dukani mkisema ofisi imetuambia.

Duka la kwanza lina 6 kwa 1 kwa shilingi 120 kila futi. Ubao wa futi 10 ni shilingi 1,200. Sita mara moja mara kumi ni 60, gawanya kwa 12 ni vipande 5. Kila kipande ni shilingi 240. Duka la pili lina 8 kwa 1 kwa shilingi 150. Ubao wa futi 10 ni shilingi 1,500. Nane mara moja mara kumi ni 80, gawanya kwa 12 ni vipande 6 na thuluthi mbili. Kila kipande ni shilingi 225. Hapo kila mtu anasema twende duka la pili, si ndiyo?

Ngoja. Toeni futi ya kupimia. Ubao wa duka la pili una weupe inchi moja kila upande. Moyo uliobaki ni inchi 6 tu. Yaani mmelipa 1,500 mkapata vipande 5 vya kufaa. Kila kimoja ni shilingi 300. Na ule wa duka la kwanza ulikuwa moyo mtupu, kwa 240. Mnaona? Pimeni moyo peke yake, ndiyo hesabu ya msaji. Yaliyobaki ni kuni.

Jambo la pili ni ukavu. Mbao mbichi ikiundwa mashua, ikikauka inajikunja na nafasi zinafunguka kati ya mbao. Msaji hupungua kidogo kuliko miti mingi, lakini ubao mpana wa inchi 8 ukiwa mbichi unaweza kupungua karibu robo inchi ukikauka. Robo inchi ni mlango wa maji. Kule Burma walikuwa wakiukata msaji gome kuzunguka shina na kuuacha usimame miaka miwili au mitatu ukauke ukiwa wima, ndipo waangushe, kwa sababu msaji mbichi ulizama mtoni. Hapa hakuna atakayewangojea hivyo. Basi pimeni. Kata kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, si mwishoni, maana mwisho hukauka kwanza. Kipime kwenye mizani ya duka, ile ya gramu. Kikausheni taratibu katika oveni au juu ya jiko la makaa yaliyofifia, bila kukiunguza, mkikipima tena na tena mpaka uzito usishuke. Kikianza gramu 650 na kumalizia 500, maji yalikuwa gramu 150 juu ya 500, yaani asilimia 30. Huo ni mbichi. Kikianza gramu 575, ni asilimia 15, na hapo fundi wa mashua atafurahi. Msitafute ukavu wa kabati. Ubao mkavu kupita kiasi ukiingia majini huvimba na kusukumana na wenzake.

Mkizinunua zikiwa na unyevu kidogo, si mwisho wa dunia. Zipangeni kivulini juu ya matofali, na kati ya ubao na ubao wekeni vijiti vya unene mmoja ili hewa ipite. Pakeni rangi kwenye ncha zisipasuke. Mbao za inchi moja zaweza kuchukua miezi kadhaa. Wakati huo endeleeni kuchanga pesa za misumari na injini.

Wengi hawaulizi mashua itakaa maji gani. Baharini adui ni mdudu anayetoboa mbao kutoka ndani mpaka ubao unakuwa kama sega la nyuki. Ndiyo maana watu wa Lamu huvuta chombo ufukoni, hukibabua chini kwa moto wa makuti na kukipaka deheni, yaani chokaa na mafuta. Hata msaji unahitaji kutunzwa hivyo. Ziwani mdudu huyo hayupo, lakini maji yasiyo na chumvi huozesha mbao kwa haraka zaidi, hasa maji ya mvua yanayolala ndani ya mashua chini ya viti. Mashua nyingi za ziwani zinaoza kutoka ndani kuja nje. Wale mnaotoka ziwani waambieni vijana wapige maji nje kila asubuhi na kuacha hewa ipite. Kazi hiyo ni bure na inaongeza miaka kuliko aina ya mti.

Kwa maoni yetu, na mafundi wengine hawatakubaliana nasi, kikundi kinachoanza hakihitaji mashua ya msaji mtupu. Hiyo ni mashua ya matajiri wa kutembeza wageni. Kama pesa inaruhusu, wekeni msaji kwenye mkuku, kule chini kabisa, na kwenye mbao zilizo usawa wa maji, mahali panapolowa na kukauka, kulowa na kukauka. Juu ya hapo mvule unatosha, na viti vyaweza kuwa vya mti wa bei nafuu vinavyobadilishwa. Mataruma, zile mbavu za ndani, yasitoke kwenye ubao ulionyooka. Fundi mzuri hutafuta tawi lililopinda lenyewe, ili nyuzi za mti zifuate pindo. Ukichonga pindo kwenye ubao wa msaji ulionyooka, umekata nyuzi zake, na siku ya wimbi kubwa litavunjika pale pale. Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, fundi wenu awaandikie orodha: mbao ngapi, upana gani, unene gani, urefu gani, za sehemu gani. Ongezeni kama sehemu moja juu ya tano kwa ajili ya vipande vitakavyoharibika. Fundi asiyeweza kuandika au kuandikisha orodha hiyo, mwombeni awaonyeshe mashua aliyoiunda miaka mitano iliyopita.

Karatasi. Najua mmechoka, lakini hapa kuna watu hulala polisi. Mwezi wa Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii. Mbao zikaadimika, na za kutoka Tanzania, Uganda na Kongo zikatafutwa zaidi. Julai 2023 Rais Ruto alitangaza kuondoa marufuku hiyo, na jambo likafika mahakamani. Katika hali hiyo msisafirishe lori la mbao bila kibali cha Huduma ya Misitu ya Kenya, KFS. Kibali kinaonyesha mbao zimetoka wapi na zinakwenda wapi, na tarehe yake isiwe imepita. Mbao za nje ziwe na karatasi za forodha. Na kama fundi atawaandikia mbambakofi au mninga kutoka nchi jirani, tangu 2023 miti hiyo imo katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, inataka kibali zaidi.

Kuhusu msaji wa Sudan Kusini tunasema wazi. Mwingi umekatwa bila idhini wakati wa vita, na wenye bunduki wametoza pesa njiani. Ukiona bei imeshuka kupita kawaida na mwuzaji hana karatasi, si bahati. Kuna kijiji mahali kimelipa tofauti ya hiyo bei. Ofisi yetu haitatia sahihi ombi la mkopo wa mradi kwa mbao za namna hiyo, na mwenyekiti asije kutubembeleza.

Siku ya kununua waende watu watatu: fundi, mweka hazina, na mwanachama mmoja asiye ofisa. Wabebe futi ya kupimia, randa ndogo, mizani na orodha. Kila ubao ukubaliwe peke yake, ugeuzwe, na utiwe alama ya chokaa. Mkisema "tupe mia", mtapewa mia, na kati yake mtakuta arobaini ambazo mngezikataa. Pakieni zile zenye alama tu, na mmoja wenu awe pale lori linapojazwa mpaka turubai lifungwe. Malipo yawe baada ya kuhesabu. Risiti iandikwe jina la mti, vipimo na idadi. Risiti iliyoandikwa "mbao" tu haitawasaidia siku ya kudai. Mashua ikikamilika, kabla ya kuingiza wavuvi, waiteni wakaguzi wa Mamlaka ya Bahari ya Kenya na mjiandikishe kwa kamati ya ufuo wenu. Jaketi za kuokoa maisha ziwe katika bajeti ile ile ya mbao, moja kwa kila mvuvi.

Na wale watakaopiga randa wafunge kitambaa puani. Vumbi la msaji na la mvule linawasha ngozi na kuziba kifua.

Ofisi iko wazi Jumanne na Alhamisi asubuhi. Kikundi chenye orodha ya fundi kije nayo, pamoja na bei za maduka matatu, tupige hesabu pamoja kabla pesa haijatoka benki. Sasa tusikie maswali, tuanze na wale wa kule nyuma.